Gwiji Bila Kombe: Dennis Oliech na Mizani ya Ubingwa

Kila mwanakabumbu mashuhuri atundikapo daluga, watu huketi kumhesabia. Hesabu yenyewe aghalabu huanzia kabatini: ana makombe mangapi, nishani ngapi, alitwaa ubingwa wa nchi gani na wa bara gani. Kabati likipatikana tupu, hukumu hutolewa upesi, tena kwa sauti ya huruma iliyo kali kuliko lawama: "Alikuwa mchezaji mzuri, lakini hakushinda kitu." Neno "lakini" katika sentensi hiyo limebebeshwa mzigo mzito kuliko maneno mengine yote. Makala haya yanakusudia kulichunguza neno hilo, na mfano utakaotumiwa ni wa Dennis Oliech, mshambulizi wa Harambee Stars ambaye kwa zaidi ya mwongo mmoja jina lake lilikuwa jawabu la kwanza kila Mkenya alipoulizwa nani atafunga.

Wasifu wake unajulikana, hivyo hapana haja ya kuurefusha. Alizaliwa Februari 1985. Alitoka Mathare United ya Nairobi akaenda Al-Arabi ya Qatar mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18. Mwaka 2005 alihamia Nantes ya Ufaransa, na mwaka 2007 akajiunga na Auxerre, alikokaa muda mrefu kuliko kwingineko kote. Baadaye aliichezea Ajaccio katika kisiwa cha Corsica, kisha Dubai, na baada ya kimya kirefu akarudi nyumbani kuvaa jezi ya Gor Mahia mwaka 2019. Waliachana mwishoni mwa mwaka huo, na mechi za ushindani hazikumwona tena. Katika timu ya taifa alifunga mabao 34, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, na kwa nchi ambayo hupita miaka bila kupata mfungaji wa kutegemewa, hayo ni mabao mengi.

Sasa lifunguliwe kabati. Kombe la Mataifa ya Afrika halimo. Fainali za Kombe la Dunia hakuzicheza kamwe. Ubingwa wa Ufaransa haumo. Tena, kana kwamba bahati ilikuwa ikimfanyia inda, zile klabu tatu alizozichezea Ufaransa zote zilishuka daraja: Nantes mwaka 2007, baada ya miaka 44 mfululizo katika ligi kuu, Auxerre mwaka 2012 na Ajaccio mwaka 2014. Mtu asiyemtakia mema angeweza kuandika kumbukumbu yake kwa aya hii moja akafunga daftari.

Kabla ya daftari kufungwa, hata hivyo, inafaa kutazama kabati la jirani. Mkenya McDonald Mariga anayo nishani ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Alijiunga na Inter Milan Januari 2010, na tarehe 22 Mei mwaka huo, jijini Madrid, klabu hiyo iliilaza Bayern Munich 2-0 katika fainali. Mariga alikuwa kwenye benchi la wachezaji wa akiba na hakuingia uwanjani. Hili halisemwi kwa kumdunisha. Kufika katika benchi lile, penye akina Stanković na Materazzi, ni kazi ambayo mamilioni ya vijana wa bara hili wameiota wasiipate. Lakini swali linabaki palepale: usiku ule wa Madrid uliongeza nini katika kipaji cha Mariga ambacho hakikuwamo asubuhi yake? Na je, Oliech, aliyekuwa katika msimu uo huo akikimbia ubavuni mwa uwanja kwa ajili ya Auxerre, alipungukiwa na nini usiku ule?

Kuna kichekesho kingine, na hiki ni cha nyumbani. Gor Mahia ilitwaa ubingwa wa Kenya katika msimu wa 2018/2019, na Oliech alikuwa kikosini. Alikuwa na umri wa miaka 34. Mbio zilizowatia hofu mabeki wa Ufaransa zilikuwa zimekwisha, na kilichobaki ni akili ya mchezo na jina. Ikiwa ubingwa ndio mizani ya kipaji, basi itatubidi kukubali kwamba Oliech alifikia kilele chake akiwa mzee wa soka, na kwamba miaka ile aliyokuwa na mapafu na miguu ilikuwa maandalizi tu. Hakuna aliyemwona akicheza mwaka 2009 kisha akamwona mwaka 2019 atakayeyakubali hayo. Ubingwa ulimjia wakati kipaji kilikuwa kimekwisha kuaga.

Wanafunzi wa fasihi hawana sababu ya kulionea ajabu jambo hili, kwa maana nao wamelizoea katika uwanja wao. Kila Oktoba, kwa miaka mingi, Wakenya walisubiri jina la Ngũgĩ wa Thiong'o litangazwe kuwa la mshindi wa Tuzo ya Nobel. Ngũgĩ alifariki Mei 2025 bila kuipata. Siku ya pili yake vitabu vyake havikupungua hata ukurasa mmoja. Mhakiki anayeanza kazi kwa kuuliza mwandishi ana tuzo ngapi hajafungua kitabu bado. Ameuliza tu maoni ya kamati. Tuzo ni habari ya kweli na ina uzito wake, lakini ni habari kuhusu mapokezi ya kazi. Kazi yenyewe hudai kusomwa.

Basi Oliech asomwe. Alikuwa mchezaji wa namna gani?

Kwanza, alikuwa na kasi, tena kasi ya aina yake. Wapo wachezaji wenye mbio za moja kwa moja, ambao ukiwapa nafasi ya mita 30 hawashikiki, lakini ukiwabana pembeni wanapotea. Oliech alikuwa na ule mwanzo wa ghafla, hatua mbili za kwanza, ambazo humwacha beki akiwa bado anageuza kiuno. Pili, hakuogopa miili. Alikubali kupigwa, akaanguka, akainuka, akaudai mpira tena mahali palepale. Tatu, na hili ndilo husahauliwa, alikuwa mtiifu wa mbinu. Watu wa nyumbani walimjua kama mshambulizi wa kati, mtu wa kumalizia. Huko Auxerre alitumiwa mara nyingi upande wa kulia, akitakiwa kushambulia na kurudi kukaba, kazi ya jasho isiyoandikwa katika orodha ya wafungaji. Katika msimu wa 2009/2010, Auxerre ilimaliza ya 3 katika Ligi Kuu ya Ufaransa chini ya kocha Jean Fernandez. Mfungaji wake mkuu alikuwa Mpolandi Ireneusz Jeleń, mwenye mabao 14. Anayesoma orodha ya mabao peke yake atamwona Jeleń. Aliyetazama mechi aliona pia nani aliyewavuta mabeki upande wa pili.

Kwa nafasi hiyo ya 3 Auxerre iliitoa Zenit ya Urusi katika mechi za mchujo, ikaingia Ligi ya Mabingwa na kupangwa kundi moja na Real Madrid, Milan na Ajax. Ilimaliza ya mwisho. Lakini Auxerre ni mji mdogo wa Burgundy, wenye watu wapatao 35,000, wachache kuliko wakazi wa mtaa mmoja wa Nairobi. Klabu ya mji huo kuketi meza moja na Real Madrid ni jambo ambalo kwa mizani ya haki lingehesabiwa kuwa kombe.

Haki pia inadai kasoro zitajwe, maana sifa zisizo na dosari ni za kwenye matanga. Oliech hakuwa mfungaji mkubwa Ulaya. Umaliziaji wake ulibadilika kama hali ya hewa: wiki hii anafunga bao gumu, wiki ijayo anapoteza la wazi. Majeraha nayo yalimla misimu. Baada ya Auxerre hakupata tena klabu iliyomfaa, na miaka yake ya mwisho barani Ulaya haikulingana na ile ya kwanza. Mtu akisema kwamba hakuwa wa daraja la Samuel Eto'o au Didier Drogba, atakuwa amesema kweli, na kweli hiyo haihitaji kombe ili kuthibitishwa. Inathibitishwa na uwanja. Hapo ndipo tofauti ilipo: kuna kumpima mchezaji kwa alichokifanya na mpira ulipomfikia, na kuna kumpima kwa mambo ambayo hata mpira haukuyafikia.

Mambo hayo, kwa upande wa timu ya taifa, yalikuwa mengi mno. Mnamo Julai 2003 Oliech, kijana wa miaka 18, aliifunga Cape Verde katika uwanja wa Kasarani bao la ushindi lililoirudisha Kenya katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 12. Fainali zilifanyika Tunisia mapema mwaka 2004. Chini ya kocha Jacob Mulee, Kenya ilifungwa na Mali 3-1, ikafungwa na Senegal 3-0, kisha ikaipiga Burkina Faso 3-0 kwa mabao ya Emmanuel Ake, Oliech na John Baraza. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali hizo tangu ilipoanza kushiriki mwaka 1972. Oliech alitimiza miaka 19 wiki hiyohiyo. Kikosi kilikuwa na vijana, na kila aliyetazama aliamini kwamba huo ulikuwa mlango.

Mlango ulifungwa na watu waliovaa suti. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo wa 2004, Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, liliisimamisha Kenya kwa sababu ya migogoro ya usimamizi. Mwaka 2006 iliisimamisha tena. Kwa jumla, kuanzia Tunisia hadi mwaka 2019, Kenya haikufuzu kwa fainali yoyote ya Afrika. Yaani kijana aliyefunga akiwa na miaka 19 alisubiri mpaka akawa na 34, na timu iliporejea katika fainali hizo yeye hakuwa tena sehemu yake. Ni sawa na mtu aliyealikwa karamuni akapewa tonge moja, sinia ikaondolewa, ikarudishwa wakati meno yamekwisha kung'oka. Kisha majirani wanamcheka kwa kutoshiba.

Mechi moja inatosha kuonyesha hali ilivyokuwa. Tarehe 14 Novemba 2009, Kasarani, Kenya ilikutana na Nigeria katika mechi ya mwisho ya kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2010. Kenya haikuwa na matumaini tena, lakini Nigeria ilikuwa ikihitaji ushindi ili iende Afrika Kusini, huku ikiomba Tunisia iteleze kule Msumbiji. Dakika ya 15 Oliech alifunga. Kwa karibu dakika 50 Nigeria nzima ilishikwa na homa kwa sababu ya mtu mmoja wa Auxerre. Katika kipindi cha pili Obafemi Martins alisawazisha, Yakubu akaongeza, Kenya ikasawazisha, Martins akafunga tena. Nigeria 3, Kenya 2. Tunisia ilifungwa 1-0 jijini Maputo, na Nigeria ikafuzu. Kenya ilimaliza mkiani mwa kundi ikiwa na pointi 3.

Sasa mhasibu wa makombe ataandika nini kuhusu siku hiyo? Ataandika sufuri. Martins alikwenda zake na tiketi ya Kombe la Dunia, Oliech akarudi Ufaransa na begi lake. Wachezaji wote wawili walifanya kazi yao. Tofauti ni kwamba nyuma ya mmoja palikuwa na taifa lenye mfumo wa soka, hata kama ulikuwa na matatizo yake, na nyuma ya mwingine palikuwa na ofisi zilizokuwa zikigombewa. Kumlaumu Oliech kwa kukosa Kombe la Dunia ni kumtoza mpangaji kodi ya nyumba iliyobomoka kwa uzembe wa mwenyewe.

Na hapa ndipo jambo lenye uzito kuliko yote linapoingia, kwa sababu Oliech, inavyosimuliwa, alipewa nafasi ya kuhama nyumba hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Qatar ilikuwa ikitafuta wanamichezo kwa fedha nyingi. Wakenya walilijua hilo kwa uchungu. Agosti 2003, katika mashindano ya riadha ya dunia jijini Paris, mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji zilishindwa na mtu aliyeitwa Saif Saaeed Shaheen, mwenye jezi ya Qatar. Wiki chache kabla ya hapo mtu huyo aliitwa Stephen Cherono, Mkenya, na aliyemfuata wa pili alikuwa Mkenya Ezekiel Kemboi. Mwaka 2004 Shaheen aliweka rekodi ya dunia ya dakika 7:53.63, na mwaka 2005 alitwaa tena ubingwa wa dunia jijini Helsinki. Katika mwaka huohuo wa 2003 ndipo Oliech alipofika Doha kuichezea Al-Arabi. Iliripotiwa sana, na yeye mwenyewe amelizungumzia suala hilo hadharani, kwamba alitakiwa abadili uraia kwa malipo makubwa naye akakataa.

Mtaalamu wa kanuni anaweza kuinua kidole hapa, tena kwa haki. Atasema kwamba Oliech alikwisha kuichezea Kenya mechi rasmi, na kwamba Machi 2004 FIFA ilikaza sheria baada ya Qatar kuwatamani Wabrazili kama Ailton, hivyo huenda mpango wenyewe usingefika mbali. Hoja hiyo ni nzito lakini inazungumzia kilichowezekana. Haizungumzii alichokichagua. Kijana wa miaka 18 au 19, aliyetoka katika maisha ya kawaida ya Nairobi, hakukataa baada ya kuwauliza mawakili wa Zurich. Alikataa kwa sababu nyingine, na sababu hiyo ni sehemu ya urithi wake kama yalivyo mabao.

Wala hili halimfanyi Shaheen kuwa msaliti. Mkimbiaji hukimbia peke yake, mkate wake uko miguuni mwake, na Kenya ina wakimbiaji wengi wa kuruka viunzi hata aliyebaki nyumbani bila kuchaguliwa hana wa kumlilia. Isitoshe, uamuzi wake ulimgharimu Olimpiki ya Athens ya 2004, maana Kenya haikumruhusu kushiriki, na dhahabu ikaenda kwa Kemboi. Kila mmoja alilipa. Kinachosemwa hapa ni kwamba wale wanaomhesabia Oliech makombe aliyoyakosa hawana budi kukumbuka kwamba ukosefu huo, kwa sehemu fulani, alikuwa ameuchagua. Aliyechagua kuichezea Kenya mwaka 2004 alichagua pia viongozi wa Kenya, ratiba za Kenya, posho za Kenya zinazochelewa, na safari za ndege zinazopangwa usiku wa kuamkia mechi. Kisha, kwa zaidi ya miaka 10, kila alipoitwa alivuka bahari akaja.

George Weah wa Liberia anafaa kutajwa kwa sababu hiyo. Alitunukiwa Ballon d'Or mwaka 1995, Mwafrika wa kwanza kuipata, lakini Liberia haikufika Kombe la Dunia. Katika kufuzu kwa fainali za 2002 ilibaki nyuma ya Nigeria kwa pointi moja tu. Hakuna anayesema kwamba pointi ile ilipunguza kipaji chake. Lakini Weah anasamehewa kwa sababu alishinda ligi akiwa na Paris Saint-Germain na Milan, kwa hiyo wahesabu makombe wana cha kuwashibisha. Oliech hana kinga hiyo. Yeye ndiye mtihani halisi, kwa sababu hana hata kikombe cha chai cha kumwonyesha mpinzani kutoka Ulaya.

Wapo watakaosema kwamba utetezi wa namna hii ni hatari, kwamba ukiendelea mno unageuza kushindwa kuwa fadhila, na kila mtu aliyekosa ataanza kujiita shujaa aliyeonewa. Pingamizi hilo halipaswi kupuuzwa. Soka huchezwa ili kushinda. Mchezaji asiyejali matokeo ni msanii wa sarakasi, na Oliech mwenyewe bila shaka angebadilisha mabao kadhaa kati ya yale 34 kwa fainali moja zaidi ya Afrika. Kombe linapopatikana kwa haki ni ushahidi mzuri: linaonyesha kwamba mtu alistahimili siku ngumu ambayo wengine hawakuistahimili. Kosa ni kuligeuza ushahidi wa pekee. Hata mahakamani shahidi mmoja huhojiwa, naye kombe ni shahidi mwenye mazoea ya kusema "mimi" kwa niaba ya watu 25, kocha, mwenye klabu na benki yake.

Aliyesoma utendi wa Fumo Liyongo, ule ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, ameshalikuta suala hili katika mavazi mengine. Liyongo hakuketi katika kiti cha enzi cha Pate. Mtawala alimwogopa, akamtia kifungoni. Alitoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, na mwishowe akauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Kwa mizani ya makombe, aliyeshinda ni sultani. Ufalme ulikuwa wake, kiti kilikuwa chake, na adui wake alikufa. Hata hivyo, katika mitihani yote ya fasihi simulizi inayotungwa nchini humu, haijapata kutokea mtahiniwa akaulizwa sultani yule alitawala miaka mingapi. Anaulizwa sifa za Liyongo. Akishaziandika, hakuna mtahini anayempunguzia alama kwa kutotaja kwamba shujaa wake hakupata ufalme. Na ile picha ya mwisho, ya maiti iliyopiga goti kisimani na upinde mkononi huku mji mzima ukiogopa kwenda kuteka maji, haikuhitaji taji.

Si kwamba Oliech ni Liyongo. Ulinganisho huo ungekuwa wa kupita kiasi, na pengine yeye mwenyewe angeucheka. Lakini jamii ya Waswahili, na jamii nyingi za nchi hii, zilikuwa na njia za kumpima mtu kabla ya kuletewa kabati la vioo. Ziliuliza alikuwa nani alipokuwa amezingirwa. Ziliuliza watoto wanamwiga nani wanapocheza.

Lugha nayo ina daftari lake. Joe Kadenge alicheza soka ya Kenya katika miaka ya 1950 na 1960, wakati ambapo wengi wa wapenzi wake walimwona kwa masikio, kupitia redio. Watangazaji waliurudia usemi "Kadenge na mpira" mpaka ukakataa kutoka vinywani mwa watu. Vijana wanaoutumia sasa hawajui Kadenge alishinda nini, wala wengi wao hawajapata kuona picha yake akicheza. Usemi umebaki. Kadenge alifariki tarehe 7 Julai 2019, siku chache tu baada ya Harambee Stars kutolewa katika fainali za Misri. Oliech hakuachiwa usemi wa namna hiyo. Aliishi katika zama za runinga, ambapo mtangazaji hana tena haja ya kumchora mchezaji kwa maneno. Alipewa lakabu ya Kiingereza, "The Menace", iliyotolewa katika katuni ya kigeni. Huenda ndiyo dhuluma ndogo kuliko zote alizotendewa, lakini kwa wasomi wa Kiswahili ndiyo inayowahusu moja kwa moja. Mtu aliyefunga mabao 34 alistahili jina la kwao.

Tarehe 27 Juni 2019, jijini Cairo, Kenya iliifunga Tanzania 3-2. Ilikuwa nyuma mara mbili, ikasawazisha mara mbili, na Michael Olunga akafunga mabao mawili, likiwamo la ushindi. Ulikuwa ushindi wa pili wa Kenya katika historia ya fainali za Afrika. Wa kwanza ni ule wa Burkina Faso. Kati ya ushindi huo na huu ilipita miaka 15, na ndani yake mna Doha, Nantes, Auxerre, bao la dakika ya 15 dhidi ya Nigeria, na safari zote za kurudi Nairobi kuichezea timu ambayo haikufuzu. Usiku ule wa Cairo Oliech alikuwa bado mchezaji wa Gor Mahia, na nishani ya ligi aliyokuwa ameipata ilikuwa na umri wa wiki chache.